Golini Nimekaa Miaka Kumi na Saba

Jumapili, 5 Julai 1953

Daftari hili nililinunua kuandikia vipimo vya wateja, lakini leo vipimo vikae pembeni. Klabu yetu ya Volkano itaandaa mashindano ya kirafiki ya kimataifa hapa hapa Gisenyi, mwezi wa nane, kabla ligi haijaanza. Neno "kimataifa" Faradji alilirudia mara sita kwenye mkutano, na kila mara alijipapasa tumbo. Faradji ndiye mwenyekiti wetu. Ana lori la mizigo linalokwenda mpaka Ruhengeri na zaidi, na ndiye aliyezunguka kualika watu: Umoja ya Goma, majirani zetu wa kuvuka mpaka kwa miguu, Radi ya Bukavu, watakaokuja kwa boti, na Nyota ya Kabale, kutoka kwa Waingereza huko Uganda. Timu nne, mechi tatu, kombe moja. Kombe lenyewe limetengenezwa na fundi bati wa sokoni, na ukiligonga linalia kama sufuria.

Mimi Kadiri, fundi cherehani, ni kapteni wa Volkano na ndiye ninayepanga timu. Ni kipa pia. Nilisimama golini mara ya kwanza mwaka 1936, na tangu hapo hajasimama mwingine, hata siku niliyokuwa na malaria. Nina miaka thelathini na tisa. Faradji husema arobaini na tatu, lakini Faradji hata tairi zake hajui zina umri gani. Nalitaka kombe hili kuliko kitu chochote tangu nilipooa, na nalitaka nikiwa golini.

Jumanne, 7 Julai

Tumeokota mawe uwanjani. Ardhi yetu ni mawe ya volkano yaliyosagika. Ukianguka, ngozi inabaki pale. Tumetoa karai arobaini, na chini yake kuna mengine.

Jumapili, 12 Julai

Leo wamekuja wavuvi watatu kutoka ufukweni mwa ziwa kuomba nafasi. Wawili wanakimbia vizuri. Wa tatu anaitwa Gratien, kijana wa miaka ishirini na kitu, mrefu, hana maneno. Nikamuuliza anacheza wapi. Akaonyesha goli.

Nikacheka, nikampa nafasi ili watu wacheke pia. Mpira wa kwanza aliudaka kwa mkono mmoja, kama mtu anayepokea mkate. Nikasema bahati. Wa pili, bahati tena. Wa tatu watoto wakaanza kupiga makofi. Wa nne nikaupiga mwenyewe, kwa nguvu zangu zote, nikiwa karibu kuliko haki inavyoruhusu. Akaudaka, akatembea nao mpaka nilipokuwa, akanipa mkononi kwa heshima zote.

"Kapiteni, mupira yako hii."

Niliporudi nyumbani sikula. Nilimwambia Saidati, mke wangu, kwamba ni vumbi limenikaa kooni.

Jumatano, 15 Julai

Vumbi kweli. Mlima Nyiragongo hauonekani hata mchana.

Jumapili, 19 Julai

Nimempanga Gratien winga wa kulia. Nimewaambia watu kwamba ana mbio. Hana mbio.

Jumamosi, 25 Julai

Mkutano. Faradji akaniuliza mbele ya wote: "Kadiri, yule muvuvi, tusimujaribu golini hata mara moja? Mi nasikia watu wanasema."

Nikajibu: "Nilishaongea naye. Anavua usiku muzima, muchana analala. Amekataa yeye mwenyewe."

Faradji akanitazama kidogo. "Bon, sawa. Kama amekataa yeye mwenyewe."

Sikuongea na Gratien hata neno. Nilisema uongo ule bila kupepesa macho, tena mbele ya watu niliowashonea nguo za harusi. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kuuweka.

Jumapili, 2 Agosti

Gratien ameleta nyavu kuukuu za kufunga kwenye magoli, ili magoli yetu yawe na nyavu kama ya Wazungu. Alishinda juu ya mti wa goli alasiri nzima akifunga mafundo. Alinisalimia kama kawaida. Mimi nikajifanya nahesabu mipira. Tunayo mipira miwili.

Jumatatu, 10 Agosti

Mwezi umeandama. Idi Kubwa itakuwa Alhamisi, tarehe ishirini. Na fainali imepangwa Alhamisi, tarehe ishirini, saa tisa alasiri, wala haiwezi kusogezwa, maana boti ya Bukavu inaondoka Ijumaa asubuhi. Faradji ameshika kichwa. Mimi nimefurahi mpaka nimeimba. Mji mzima utakuwa umevaa nguo mpya, na nusu ya nguo hizo zitakuwa zimetoka mikononi mwangu.

Jumatano, 12 Agosti

Kanzu kumi na nne, magauni tisa, jezi kumi na moja za njano. Cherehani imepata moto. Saidati anatia vifungo. Hatusemeshani, si kwa ugomvi, ni kwa kukosa nafasi.

Ijumaa, 14 Agosti

Boti imefika na Radi ya Bukavu wote wako salama, ila mmoja aliyetapika njia nzima. Kila nyumba ya mtaa wetu imechukua mgeni. Huo ni utaratibu wetu tangu zamani: mpinzani halali kwenye jengo la klabu, analala kwa mtu, anakula kwa mtu. Mimi nimempata Murhula, mshambuliaji wao wa kati, mwenye mapaja manene kama magogo. Ndiye atakayenipiga mashuti tukikutana, na sasa hivi yuko ukumbini anamaliza supu yangu.

"Mama, chakula yako iko muzuri sana," anamwambia Saidati kila baada ya kijiko cha tatu.

Nimempenda, na hilo linanikera.

Jumamosi, 15 Agosti

Nusu fainali. Leo ni sikukuu ya Wakristo ya Bikira Maria, na watu walipotoka misani walikuja moja kwa moja uwanjani, kutoka Nyundo, kutoka Kanzenze, kutoka Cyanzarwe wakiwa na ndizi vichwani. Sijawahi kuona watu wengi hivyo mahali pamoja bila kuitwa na chifu. Refa alikuwa mwalimu Mbonigaba wa Nyundo, mtu mkali anayepuliza filimbi kama anawagombeza wanafunzi.

Tumewafunga Goma manne kwa matatu. Hayo ndiyo ya kushangilia.

Sasa yale matatu. La kwanza lilipita chini ya tumbo langu. La pili lilipita kati ya miguu. La tatu sikuliona vizuri kwa sababu nilikuwa bado chini, naangalia goti lililochubuka. Mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma ya kamba: "Muzee, amuka, kumekucha!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata mlinda mlango wa Goma, upande wa pili, nilimwona anashika mbavu.

Mwisho wa mechi washambuliaji wetu wakabebwa juu juu. Kwangu hakuja mtu. Alikuja mmoja tu, Gratien, na kibuyu cha maji. Nikanywa. Maji yalikuwa baridi na matamu, na nilitamani yangekuwa ya mtu mwingine yeyote.

Jumapili, 16 Agosti

Bukavu mawili, Kabale sifuri. Murhula kafunga yote mawili. Watu wa Kabale hawakununa hata kidogo. Wamesema watabaki mpaka Alhamisi wale Idi na sisi, halafu wakacheza ngoma yao mpaka vumbi likawafunika.

Jumatatu, 17 Agosti

Saidati ameweka sindano chini. Akiweka sindano chini siku tatu kabla ya Idi, ujue kuna jambo.

"Baba Zaina, Jumamosi mi nilikuwa nyuma ya goli."

"Nilikuona."

"Ile goli ya kwanza, ni nini?"

"Jua ilinipiga macho."

"Ya pili?"

"Jua."

"Ya tatu jua ilikuwa nyuma yako."

Nikatafuta uzi. Uzi ulikuwa mkononi mwangu.

"Yule mutu wa samaki anajua kukamata mupira," akasema, taratibu, bila ukali. Angekuwa mkali ningejitetea. "Kila mutu anajua. Hata kuku wa hapa nyumbani wanajua. Wanangojea we useme, kwa sababu we ndiye mukubwa wao. Mi sitasema tena."

Kweli hakusema tena. Alichukua sindano, akaendelea na kifungo. Mimi nimepiga cherehani mpaka kanzu ya imamu ikawa na mshono mara mbili mahali pamoja. Naogopa. Nisipokuwa kipa sijui mimi ni nani siku ya Jumapili.

Jumatano, 19 Agosti

Nguo zote zimekwisha. Vidole vimevimba. Kesho ni Idi na kesho ni fainali, na sijapanga timu.

Alhamisi, 20 Agosti

Nitaandika yote, hata kama wino utakwisha.

Asubuhi tuliswali uwanjani, safu kwa safu, nguo mpya zinanukia pasi. Baada ya swala ukafika wakati wa kushikana mikono na kuombana radhi. Kila mtu anamwambia mwenzake: nisamehe nilipokukosea. Niliombana radhi na watu kama thelathini. Na kila mkono nilioushika nikawa najiuliza, huyu nimemkosea nini? Sijamkosea kitu. Najiombea msamaha wa bure. Yule niliyemkosea hakuwepo pale, hana Idi, yuko ufukweni na mtumbwi wake.

Desturi ni kwamba ukitoka kuswali unaingia nyumba hadi nyumba, na kila nyumba lazima ule. Ukikataa umemtukana mwenye nyumba. Mimi sikuingia hata moja. Nilipita nyuma ya mtaa kama mwizi wa kuku, nikateremka ziwani.

Gratien alikuwa anachota maji ya mtumbwini kwa kopo na kuyamwaga. Mkewe, Dancille, alikuwa anaanika samaki.

"Kapiteni! Idi njema," akasema Gratien.

"Gratien, nimekuja kusema kitu. Mwezi wa saba, kwa mukutano, nilisema umekataa golini kwa sababu ya kazi ya usiku. Nilidanganya. Nisamehe."

Hakusimamisha mkono. Alimwaga kopo moja, la pili.

"Mi najua," akasema.

"Unajua? Nani alikuambia?"

"Faradji alikuja hapa kesho yake kuniuliza. Nilimuambia ni kweli, nimekataa."

Nilihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. "Juu ya nini ulisema vile?"

"Ningesema nini? Kapiteni ni muongo? We ni mutu mukubwa. Umecheza mi nikiwa mutoto, nilikuwa naokota mipira nyuma yako."

"Mi ningesema," akadakia Dancille kutoka kwenye samaki. "Ningesema sokoni, siku ya soko."

"Yewe, Dancille!"

"Ningesema!"

Machozi yalinitoka. Sioni haya kuandika hivyo. Nilitumia mwezi mzima kumficha mtu huyu, kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananificha mimi.

"Leo golini ni we," nikamwambia. "Mi nitakaa nje, nitapiga makofi."

Gratien akaweka kopo chini. Akatazama mikono yake, pande zote mbili. "Bon. Nakuja."

"Na hajasema amekusamehe," akasema Dancille.

"Tutaona," akasema Gratien.

Nilipofika uwanjani saa nane na nusu, kumwambia Faradji kwamba golini ni Gratien, nilikuta msiba. Beki wetu wa kushoto, ambaye kazi yake ni kinyozi, alikuwa amelala chali kwenye mkeka, hawezi hata kuinama kufunga kamba. Alipita nyumba saba, na katika kila nyumba walimwambia, kula, leo una mechi. Wengine walikuwa wamesimama kwa kuegemeana. Pilau, nyama ya mbuzi, sambusa, chai ya maziwa, vyote vilikuwa uwanjani pamoja nasi. Tukasema basi, tumekwisha, Bukavu watatupiga kumi. Halafu Bukavu wakaingia. Ee Mungu wangu! Walikuwa wageni wa nyumba zile zile. Murhula alitembea akiwa ameshika tumbo kwa mikono miwili.

"Kwako kapiteni, Mama Saidati alinipa sahani tatu," akanilalamikia. "Mi ningekataa namna gani?"

Faradji akatutazama sote tuliobaki. "Nani hajakula?"

Mikono miwili tu ikainuka. Wa Gratien, na wangu.

"Kadiri, we uko mwepesi. Ingia beki ya kushoto."

"Mi? Mi sijacheza nje ya goli tangu nizaliwe!"

"Na kinyozi hajasimama tangu saa sita. Vaa."

Hivyo ndivyo nilivyoingia uwanjani mbele ya taifa zima, jezi namba tatu, na yule mvuvi nyuma yangu golini kwa mara ya kwanza. Watu walipomwona pale kelele zilikuwa kubwa mno. Nilijikaza nikamwonyesha kidole gumba.

Sijaona fainali ya polepole kama ile. Mtu akipiga mpira anasimama kupumzika. Mbonigaba alipuliza filimbi akifoka, "Kimbieni! Hii si matembezi!" Wakamjibu kwa kucheua. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini na magauni yao mapya. Watu wa Kabale, ambao hawakuwa na mechi na ndio waliokula kuliko wote, walikuwa wamelala pembeni wakishangilia kwa kupunga mkono mmoja. Kipindi cha pili mpira ulimpita beki wa Bukavu taratibu kabisa, mita mbili tu kutoka kwake. Alitaka kugeuka, tumbo likakataa. Winga wetu akausukuma ukaingia. Moja bila.

Nikaona kombe. Nililiona kabisa, pale mezani, linang'aa.

Ilibaki dakika moja. Bukavu wakapata nguvu, sijui wapi. Krosi ikapigwa kutoka kulia, juu, inakuja kwenye boksi letu, inaelea, inakuja kwangu. Nilikuwa nimesimama vizuri. Nilipima vizuri. Nikaruka, nikaudaka kwa mikono miwili, safi kabisa, nikaukumbatia kifuani. Ndio mpira mzuri kuliko yote niliyodaka mwaka huu. Nikasimama nao nikisubiri makofi.

Kimya.

Nikaangalia chini. Namba tatu kifuani.

"Kadiri!" Hiyo ilikuwa sauti ya Faradji, na sijui ilitoka wapi kwa mtu aliyekula vile. Halafu filimbi ya Mbonigaba, ndefu, na kidole chake kwenye alama ya penalti.

Nilitaka mawe ya volkano yafunguke yanimeze. Miaka kumi na saba mikono hii haikufanya kazi ilipotakiwa, leo inafanya kazi isipotakiwa! Murhula akaweka mpira. Alinipitia karibu, akaninong'oneza: "Pole, baba." Alimaanisha kweli, na hilo ndilo baya zaidi.

Nikageuka nyuma kumtazama Gratien. Sikuwa na haki ya kumwomba kitu. Yeye alisimama katikati ya nyavu alizofunga mwenyewe, mabega yamelegea, hatazami mpira, anamtazama Murhula miguu. Murhula akapiga. Shuti la kweli, la nguvu, chini kulia.

Sasa hapa ndipo nataka kuandika polepole. Nimekaa golini miaka kumi na saba, na kwa sababu hiyo sijawahi kuona kipa wa timu yangu akidaka. Nitaonaje? Nilikuwa mimi. Leo nilikuwa mbele, nimegeuka, na nimeona. Nilimwona Gratien akienda chini mzima mzima, upande ule ule, mkono umenyooka, na mpira ukasimama kwenye kiganja chake kana kwamba ulikuwa umetumwa kwake. Ni kitu kizuri sana kutazama. Hakuna aliyewahi kuniambia ni kizuri hivyo, labda kwa sababu nilipokuwa mimi hakikuwa.

Mbonigaba akapuliza filimbi ya mwisho, maana muda aliuongeza kwa ajili ya penalti tu. Watu wakamwagika uwanjani, kanzu na magauni na makanzu ya wanafunzi wa misioni, wote pamoja. Dancille nilimwona anaruka na kikapu kichwani. Gratien alipita katikati yao wote akiwa bado na mpira, akaja mpaka niliposimama peke yangu. Magoti yake yalikuwa yanatoka damu. Akasimama hatua tatu kutoka kwangu, akanirushia.

"Kamata, kapiteni," akasema. "Sasa ruhusa iko."

Nikaukamata. Nikalia tena, mara ya pili siku moja, mtu mzima na familia yake inaona.

Ijumaa, 21 Agosti

Boti imeondoka. Murhula amebeba mfuko wa sambusa za Saidati na amesema mwakani atakuja siku tatu mapema.

Jioni tumekaa kuandika majina ya ligi. Kalamu nilishika mimi. Golikipa: nikaandika Gratien, kwa herufi kubwa. Faradji akauliza, "Na we mwenyewe, tukuandike wapi?"

Kinyozi akaanza kucheka, akashindwa kuacha. Gratien, ambaye hana maneno, alijibu kutoka kwenye kona aliyokaa:

"Muweke mbele kabisa. Mbali na boksi yetu."

Nimecheka mpaka kalamu ikadondoka. Nimeandikwa mbele. Jumapili ijayo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nitajaribu kufunga goli.